Chai ya Mama Mkubwa

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu watoto. Watafiti walitaka kujua wazazi wa mitaa ya mabanda huwaacha wapi watoto wao wadogo wakienda kazini, na mimi nikapewa fomu za kurasa sita na kichochoro cha Mama Mkubwa. Kila mtu alimwita hivyo, hata waliomzidi umri.

Saa tatu asubuhi nilimkuta amekaa mlangoni peke yake, anachambua mchele. Chumba chake kimoja kilikuwa kimefagiwa, mkeka umekunjwa. Kwenye kamba kulikuwa na nepi ishirini na moja. Nilizihesabu kwa mazoea tu.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamsomea ile aya ndefu ya kuomba ridhaa, neno kwa neno. Macho yake hayakutoka kwenye begi langu. Kisha nikauliza analea watoto wangapi.

"Watoto? Mimi? Na mgongo huu?"

"Na nepi?"

Akazitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. "Za jirani. Nimemwazima kamba."

Nikaandika sifuri, kwa penseli. Sikuona sababu ya kubishana na mtu mlangoni kwake. Fomu ilitaka majirani pia, nikabisha hodi kwa fundi cherehani, kijana mwenye kitanda cha mtu mmoja. Chini ya meza yake watoto watatu walikuwa wakitafuna utepe wa kupimia.

"Wako, fundi?"

"Wangu wote."

"Hawa wawili?"

"Pacha. Miezi minane."

"Na huyu?"

"Miezi kumi."

Nikainua penseli. "Mama yao ni mmoja?"

"Mmoja." Akapiga hesabu kichwani, uso ukamshuka. "Ndiyo maana alichoka akaondoka."

Niliandika alivyosema, nikarudi kwa Mama Mkubwa kuaga. Jua lilikuwa limeshapanda, akanionea huruma.

"Kaa unywe chai kwanza. Utaondokaje kwangu na midomo mikavu?"

Akanipa chai kwenye kikombe cha bati, na sukari pembeni. Mimi hukoroga taratibu, mpaka punje ya mwisho iyeyuke, na kijiko kikagonga kikombe: kli, kli, kli.

"Mwanangu, usi..." alisema, akanyoosha mkono. Alikuwa amechelewa.

Pazia la fundi likainuka. Pacha wakatoka wakitambaa, kaka yao wa miezi kumi nyuma yao akiburuta utepe. Kwa kinyozi wakatoka wanne, kwa muuza mkaa watano. Kwa dobi wakatoka saba, wakubwa wakiwashika wadogo mikono. Walioweza kutembea wakakunjua mkeka wenyewe, wote wakakaa safu, wakafungua midomo wakisubiri kijiko.

Nikahesabu kumi na tisa.

Fundi akachungulia. "Mama Mkubwa, mbona umewaita? Bado yupo."

Mama Mkubwa akaketi. "Mwezi uliopita watu wa manispaa walimfungia mlezi mwenzangu wa kichochoro cha pili. Aliyehesabu alikuwa mpole kama wewe. Kesho yake wakaja na kufuli. Mama za hawa wako kiwandani na sokoni. Wakinifungia, kesho alfajiri watawaacha kwa nani?"

Nikampa fomu. "Tafuta jina lako humo."

Akaisoma kwa kidole, mbele na nyuma, kurasa zote sita. Hakuliona.

"Ya ofisi nyingine siwezi kukuapia," nikasema. "Karatasi hii haina jina wala kichochoro. Ila tukiandika sifuri, watasema huku hakuna mtoto anayehitaji chumba kikubwa, wala mlezi anayehitaji kusaidiwa."

"Na ile aya uliyonisomea ndiyo ilisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Mbona uliisoma kama tangazo la msiba?"

Akawatazama watoto, midomo bado wazi. Kisha akauliza nimepata wangapi.

"Kumi na tisa."

"Futa. Ishirini." Akafunua kapu la nguo. Ndani alilala binti mnene, kidole mdomoni. "Huyu hata paa likianguka haamki. Na nepi ni zangu."

Nikafuta sifuri. Kisha nikafungua ukurasa wa fundi, nikaanza kufuta na hapo.

"Wote watatu?" akauliza fundi, kwa sauti ya mtu aliyeonewa.