Mistari ya Mkono wa Kushoto

Vukica alikuwa na ugonjwa wa usafi, si wa vyombo bali wa mafaili ya kompyuta. Hakumaliza mwezi katika ile ofisi ya waandika programu pale mjini Novi Sad kabla hajalivamia faili la mipangilio, lile ambalo kila mgeni hupewa siku ya kwanza, na kila mmoja huongeza chake: huyu rangi za skrini, yule amri ya vitufe aliyoiokota mtandaoni. Tihomir, mkuu wao, alikuwa ameamuru kompyuta zote zitumie faili hilo moja, mtu asiwe na lake pembeni. Humo Vukica akakuta rundo la mistari ya ajabu, amri zote zimesukumwa kwenye vitufe vya kushoto, zimebanana huko huku kulia kukiwa kutupu. Akasema ni takataka, akaifuta. Wenzake walicheka, Tihomir akamsifu. Mzee Radivoj, aliyekaa dirishani, akaendelea kutazama skrini yake.

Tangu siku hiyo Radivoj akaanza kuchelewesha kazi. Tihomir naye akaanza kunong'ona kwamba mzee amechoka, na kwamba mwaka mpya ungeanza vizuri zaidi na damu changa. Vukica aliitikia kwa kichwa. Tusimsingizie wema ambao hakuwa nao bado.

Desemba ikafika sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wa Radivoj. Siku kama hiyo watu hawaalikwi, wanajiendea tu nyumbani kwa mwenye sikukuu, na Vukica aliwahi kuliko wote maana kwake hata kuchelewa ni uchafu. Alikuta mlango wazi. Radivoj alikuwa amesimama peke yake mbele ya mshumaa na bakuli la ngano tamu ya kuchemshwa, ile wanayolishwa wageni wa sikukuu, akitaka kupiga ishara ya msalaba. Mkono wake wa kushoto uliushika wa kulia kwenye kifundo, ukaunyanyua hadi kwenye paji la uso, ukaushusha tumboni, ukaupeleka bega la kulia, kisha la kushoto, taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto koti.

Akageuka, akamwona.

"Kiharusi," akasema. "Kile kiangazi nilichowaambia nimekwenda baharini. Vidole vinarudi, ila polepole. Tihomir akijua, nimekwisha. Kula ngano, binti yangu."

Vukica alikula. Vitufe vyote vya kushoto, na yeye akaviita takataka! Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Hakuwa na haja ya kumuuliza mzee kwa nini hakuidai mistari yake: angeidai, angeulizwa ni ya nini.

Kesho yake asubuhi akairudisha yote. Tihomir akaja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Si wewe uliyesema takataka?"

"Nilisema kabla sijaijaribu. Sasa siwezi kufanya kazi bila hiyo."

"Haya, hebu tuone."

Vukica akauweka mkono wa kulia mapajani, akaanza. Vidole vya kushoto vikakanyagana. Akafuta alichotaka kuhifadhi, akafungua asichokihitaji. Wenzake wakaangua kicheko, mmoja akamuuliza kama jana kwa mzee alikula ngano au aliimaliza pombe yote ya rakija peke yake. Masikio yakamwaka tena, lakini mkono wa kulia hakuunyanyua. Mwishowe Tihomir akasema kila mtu ana wazimu wake, mistari ibaki, akaenda zake kutafuta kahawa.

Radivoj alikuwa akipita na kikombe. Akasimama kidogo karibu na meza yake.

"Kidole gumba, binti," akamwambia kwa sauti ya chini. "Shikilia kitufe cha chini kwa gumba, vidole vingine viache vitembee. Mimi ilinichukua kiangazi kizima."

Vukica akasogeza gumba. Baada ya muda kidogo, kule dirishani kwa Radivoj, vitufe vikaanza kulia kwa kasi ile ya zamani.