Kambale Si Jina la Ukoo

Polisi wa Ubelgiji walipotuandikia mara ya kwanza, nilidhani wamekosea anwani. Hapa Butembo, mwaka ule wa 2003, ukiibiwa mbuzi hukujua hata umshtakie nani, kwa maana kila kundi la askari lilikuwa na polisi wake na wote walikuwa na njaa. Sasa mpelelezi wa ng'ambo ananiuliza mimi, Rébecca, mwalimu wa jiografia wa shule moja mtaani Bulengera, kama ninamfahamu mhalifu aitwaye Kambale.

Nikamjibu kwa adabu: yupi?

Shule yetu ilikuwa na kompyuta chache tulizopewa na shule rafiki ya Ubelgiji, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda mjini kwenye intaneti kusoma na kujibu barua pepe. Mpelelezi alieleza kwamba mzee mmoja wa kwao, mwalimu mstaafu, alikuwa ameliwa akiba yake na mtu aliyejiita Kambale wa Butembo, eti anawaombea vitabu wanafunzi wa vita. Aliomba tushirikiane. Alitaka kujua ukoo wa Kambale una watu wangapi shuleni kwetu.

Mkuu wetu wa shule, prefe Edmond, analipenda sana neno ushirikiano. Siku hiyo alinifuata mjini, akanisukuma kando, akaandika mwenyewe kwamba akina Kambale ni wengi mno, walimu kwa wanafunzi, na wote ni ndugu zetu. Jibu likaja upesi. Polisi walishukuru, sasa wameelewa kwamba hili ni genge la familia, na kwa sababu hiyo hakuna Kambale wa Butembo atakayepewa viza mpaka uchunguzi uishe.

Hapo nikaacha kucheka. Mdogo wangu Luc ni Kambale. Alikuwa amechaguliwa kwenda Ubelgiji kujifunza kufundisha kwa kompyuta, na pasipoti yake ilikuwa tayari ubalozini Kampala.

"Yaya, miye niliiba nini?" aliniuliza mimi dada yake mkubwa.

Nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko yeye.

Nikaisoma upya barua ya mwizi, ambayo mpelelezi alikuwa ametutumia nakala yake. Mwizi alianza hivi: "Mimi Kambale, mzaliwa wa kwanza wa marehemu baba yangu." Nikapiga meza mpaka watu wa kompyuta za jirani wakageuka. Kwetu Wanande, Kambale ni mtoto wa kiume wa pili. Wa kwanza anaweza kuitwa Paluku, lakini Kambale hawi wa kwanza hata iweje. Mwizi huyo si mtu wa kwetu wala hajatukanyagia mji. Jina letu ameliokota tu mahali. Nikaandika yote hayo kwa furaha, na kwamba Luc wetu ni wa pili kwelikweli.

Mpelelezi akasema maelezo yangu yanavutia. Basi huyo wa kwanza wenu, akauliza, yuko wapi, atuthibitishie?

Wa kwanza wetu ni Josaphat, Paluku. Alikwenda Eringeti kununua maharagwe, vita vikafunga barabara nyuma yake, na hakurudi. Hakuna aliyeiona maiti. Prefe Edmond alishauri tuandike amekufa, yaishe, Luc asafiri. Nikaenda nyumbani kumwuliza mama, naye hata hakuacha kutwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Weye ulimuzika?"

"Hapana, mama."

"Donc hayakufa. Usiandike bongo."

Basi uongo sikuandika, nikaandika ukweli: hatujui alipo.

Jibu lililokuja nililisoma mara nyingi, nikidhani Kifaransa kimenitoka. Luc hana kosa, anaruhusiwa kusafiri. Lakini kaka yake, mzaliwa wa kwanza, aliyetoweka katika eneo la vita na ambaye huenda anatumia jina la mdogo wake, ndiye anayeshukiwa sasa. Jina la Paluku Josaphat limepelekwa kwa polisi wa nchi nyingi.

Hasira ilinipanda. Nilitaka kuwaandikia papo hapo kwamba ni wajinga. Luc, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akanishika bega. Nikikanusha, mzigo unamrudia yeye, na wote wawili tulilijua hilo. Aliona haya kulisema.

"Tuulize mama kwanza, yaya," akasema.

Tulimkuta uani. Nilimweleza polepole, na yeye akasikiliza akiwa ameushika mchi.

"Banamutafuta? Mu inchi mingi?"

"Mingi, mama. Lakini banamutafuta juu bamufunge."

Akauweka mchi chini, akakaa. Sikuwa nimemwona mama akikaa mchana tangu Josaphat aondoke.

"Tulienda ku bureau yote ya hapa, hata kule Beni. Hakuna mutu alisimama amutafute," alisema. "Bakimufunga, njo nitajua fasi eko. Nitamupelekea bugali."

Luc akageuza uso ukutani. Mama akanitazama mimi, kana kwamba nachelewa.

"Rudia kule, ubaambie aksanti. Ubaambie eko na kovu juu ya jicho, basimukose."

Nikarudi mjini. Nikaandika kovu, jicho la kushoto.