Nyimbo Arobaini za Mwalimu Agapiti

Mwalimu Agapiti alifika dukani kwangu Mlabani, ninapotengeneza kompyuta, na yake imefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, kama kuku anayepelekwa mnadani. Hakuna kinachonichefua kama hicho. Diski gonjwa unairusha kwenye mashimo kutoka Katindiuka! Nilipomwona uso, hasira ikaniishia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Levina. Inagonga tak, tak, halafu inazima. Nyimbo zangu zote zimo humo, mwanangu."

Nyimbo arobaini za kwaya, utunzi wa miaka kumi na tano. Daftari zake za nota zilikwenda na mafuriko, akabaki na zile alizokuwa ameshachapa.

"Kopi nyingine iko wapi?"

"Ninayo. Humo humo ndani ya kompyuta."

Nikachukua bisibisi. Ningesema, ningekosa adabu.

Nilipoifungua nikakuta vumbi la pumba, maana nyumba yake imepakana na mashine ya kukoboa mpunga. Lakini kwenye matundu ya hewa palikuwa na nyuzi nyeupe pia.

"Mwalimu, hii mnaifunika?"

"Mke wangu ameifumia kitambaa. Kizuri, kina maua."

"Hata ikiwa imewashwa?"

"Sasa vumbi si ndiyo linaingia ikiwa imewashwa?"

Nikamweleza kwamba miaka yote hiyo diski ilikuwa ikichemkia humo ndani. Akachomoa simu. "Mama Digna, kitambaa chako kimenimaliza!" Akakata bila kungoja jibu. Sikupenda. Kitambaa chenyewe alikifurahia hadi jana.

Nikaitoa diski, nikaiunganisha kwenye kompyuta yangu na kuielekezea feni. Nyimbo tatu zikapita, ikaanza kugonga. Nikazima, nikangoja ipoe, nikawasha tena. Zikapita nne. Basi nikajua dawa yake: ikipoa inasoma, ikipata moto inagoma. Tulikwenda hivyo hivyo tangu asubuhi, kuwasha na kuzima, mwalimu akihesabu kwa vidole na kusahau hata chai aliyonunuliwa.

Saa tisa alasiri diski iligonga mara ya mwisho, ikanyamaza kabisa.

"Thelathini na tisa, mwalimu! Tumeziokoa!" Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia. Nikazihifadhi kwenye flashi mbili, nikamtilia moja mfukoni mwa shati. Alikaa kwenye benchi akifuta machozi bila kuona aibu.

"Uliobaki ni upi?" nikamuuliza.

"Wimbo wa Mavuno."

Ulikuwa wimbo wake wa kwanza. Sauti ya kwanza aliikumbuka yote. Sauti ya pili ikamgomea. Alijaribu, akarudia, akapotea palepale. Kwenye kwaya, tangu mwanzo, sauti hiyo inaongozwa na mtu mmoja tu.

Aliitazama simu muda mrefu.

"Mama Digna," alisema hatimaye, "nisamehe kwa maneno ya asubuhi. Sauti ya pili ya Mavuno unaikumbuka?"

Akaiweka simu kwenye spika. Tukamsikia mkewe akikohoa, na akaanza kuimba, ubeti baada ya ubeti, duka zima likisikia. Mwalimu aliandika nota haraka haraka kwenye boksi la feni yangu.

"Hapo umekosea," akamkatiza. "Ni fa, siyo so."

"Baba Digna, anayeiimba ni nani?"

Mwalimu akacheka, akafuta, akaandika so.