Maji Yale na Maji Tu

Mke wangu Mwanamina alifariki mwaka tuliolimishwa pamba ya serikali, na tangu hapo nikawa nateka maji mwenyewe. Mwanamume na mtungi kichwani, kijiji kizima cha Dimani kilicheka. Waliocheka ndio hao hao waliotoka kwenye pamba wakipitia kwangu ulimi nje: "Mzee Tamimu, maji." Nikawapa.

Kwa akida wetu, mtu wa Wajerumani, hilo lilikuwa kosa. Mwaka ule watu walikuwa wakinywa maji ya dawa, ya kugeuza risasi, na vita vimeshawaka Umatumbini. Akida alikuwa na kinyongo nami toka nilipomwambia pamba yake aisonge ugali. Akapeleka neno kambini Kibiti: Tamimu anagawia watu maji. Nikafungwa kamba nikapelekwa.

Afisa wa Kijerumani alikuwa mgeni, kashuka melini juzi, Kiswahili hana. Sisi Kijerumani hatuna. Wakubwa wakaona mambo yapite kwa Kiingereza, lugha isiyo ya mtu yeyote pale. Afisa alikiokota bandarini. Mkalimani wetu, Bushiri wa Unguja, alikiokota jikoni kwenye meli ya Waingereza, akikaanga samaki. Shingo yangu ikawekwa katikati ya hao wawili.

"Usihofu, shehe," Bushiri akaninong'oneza. "Kiingereza changu ni cha adabu."

"Cha adabu vipi?"

"Wengine wanayataja maneno yakiwa uchi. Mimi kila neno nalitanguliza dhe. Dhe ni kama bwana, kama bibi. Dhe samaki, dhe sufuria. Nahodha alikuwa akinisikiliza mpaka machozi yanamtoka."

"Ya furaha?"

"Sikumuuliza."

Afisa akauliza lake. Bushiri akanigeukia. "Anasema, wewe uliwapa watu maji?"

"Niliwapa. Walikuwa na kiu."

Bushiri akasafisha koo. "Yes, sa. Dhe Tamimu giv dhe pipo dhe wota."

Afisa akainuka kitini. "Dhe wota?"

"Dhe wota," akajibu Bushiri, na kuinama akainama.

Afisa akamwambia askari neno fupi. Askari akatazama boriti ya baraza, kisha akaanza kuikunjua kamba. Mimi Kiingereza sikijui, lakini boriti naijua.

"Amesema nini?"

Bushiri uso ulikuwa umempwaya. "Anasema wewe ndiye mganga."

"Umemwambia mimi mganga?"

"Wallahi, nimemwambia maji."

"Basi mwambie ni ya kisimani."

Akamwambia, "Dhe wota of dhe wel." Afisa akatuma askari wawili wakakizingire kisima. Sasa na kisima kimeshtakiwa.

"Bushiri, mwanangu," nikamwambia, "kila ukifungua mdomo kamba inarefuka. Hebu nyamaza kidogo."

Kazi ya kunyonga watu ina joto lake. Afisa akapiga kelele mpishi wake amletee maji ya kunywa, "Wota," basi. Kikombe kilipomfika mdomoni, Bushiri, kwa ile adabu yake, akaona amsahihishe.

"Dhe wota, sa."

Afisa akatema, kikombe akakirusha uani, akamkodolea macho mpishi. Mpishi akaapa kwa Mungu kwamba maji kayachemsha mwenyewe, kwa moto wa afisa mwenyewe. Afisa akatazama birika. Akamtazama Bushiri. Akanyoosha kidole kwenye kiti.

"Dhe chea," akasema Bushiri.

Mbwa wa kijijini alikuwa anajipitia zake. Afisa akamwonyesha yeye.

"Dhe dog."

Afisa akauliza mbwa yupi huyo, anamjua?

"Eni dog, sa," akasema Bushiri. "Dhe eni dog."

Yule Mjerumani akakaa, kichwa mikononi. Ikawa zamu ya Bushiri kufundishwa, dhe na mwenzake e. Baada ya kitambo akanijia, ananong'ona kama mtu aliyeambiwa jambo la aibu.

"Kumbe dhe si bwana wala bibi, shehe. Dhe wota ni maji yale, yale ya vita, kila mtu anayajua. Anataka nichague: maji yale, au maji tu? Nikilitoa dhe, utaonekana umegawa maji yasiyo na heshima."

"Yavue nguo, Bushiri."

"Wote hawa wanatusikiliza."

"Yavue."

Akafumba macho. "Tamimu giv wota," akasema, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kanzu sokoni. "E man. E man giv wota."

"E man," akarudia afisa, akapunga mkono.

"Amesemaje?"

"Anasema wewe si yule mtu. Wewe ni mtu tu, yeyote yule."

Siku nyingine tungegombana. Siku ile nilinyoosha mikono nikafunguliwa. Wako walionyongwa mwaka ule ambao hakuna aliyewauliza hata kwa lugha mbovu.

Akida alikuwa amesimama pembeni muda wote, kilemba kipya kichwani. Akamvuta Bushiri mkono: "Na mimi nijulishe kwa bwana mkubwa. Mwambie mimi ndiye akida."

Bushiri, aliyekwisha kupata elimu, akamwelekea afisa.

"E akida, sa."

Afisa hakuinua hata macho. Akamwonyesha ile kamba iliyotapakaa chini, aikunje. Akida akashukuru mara mbili, akachuchumaa akaanza kukunja. Nami nikashika njia ya Dimani, mbio mbio, kabla Bushiri hajafundishwa neno jingine.