Mji Alioutoa Bibi Nyamizi

Usingizi haupigi hodi, wajukuu zangu. Bibi yenu Nyamizi amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mionzi, roho inamwaka kwa wivu, wala halali, amekasirika tu huku macho kayafumba. Ndani ya chumba yuko Kabula, miaka sita, ana uvimbe kichwani, na mama yake ana kichanga, kwa hiyo hospitali amekuja na bibi. Sisi ndio tuliomlea. Mimi babu yenu namwita mke wangu, bibi yenu anamwita mke mwenzangu, na hajamwonea wivu hata siku moja. Wivu wenyewe ni wa Dada Leokadia. Huyo kazi yake ni kukaa na watoto wanaopigwa mionzi, acheze nao, awaongeleshe, hofu iwatoke. Bibi yenu anasema, hiyo nayo kazi? Kucheza? Na kucha nyekundu namna ile? Lakini jana Kabula alipiga kelele mpaka mashine ikazimwa, kwa sababu bibi alimwahidi tutaingia wote, mama, hakuna cha kuogopa, halafu pale mlangoni bibi akatolewa. Daktari kasema asipotulia leo, itabidi adungwe sindano ya usingizi kila siku. Basi leo Kabula kaushika mkono wa Leokadia, kageuka, kasema, bibi, wewe baki. Neno hilo linamtafuna bibi yenu pale alipo, linamtafuna, linamtafuna, mpaka benchi linaanza kutembea.

Benchi linatembea na yeye juu yake kama kapanda punda, ukuta unarefuka, ukuta unageuka barabara, na barabara haina vumbi wala mwisho. Anashuka. Mbele kuna mji, nyumba zote kuta za kioo, na ndani ya kila kioo Kabula amekaa mapajani mwa Leokadia anasukwa nywele, zile nywele ambazo siku hizi hana. Akigeuka kushoto wamo, akigeuka kulia wamo, akitazama chini wamo miguuni pake wanacheka. Bibi yenu anavua kandambili airushe. Ndipo anatokea mtu asiye na uso. Mahali pa uso pana wavu mweupe, mgumu, kama ile barakoa anayofungwa Kabula pale mezani ili kichwa kisicheze. Mnamjua bibi yenu, haogopi. We bwana, mjukuu wangu yuko wapi? Mtu wa wavu anasema, kitendawili. Na bibi yenu anajibu, tega, maana kwao ukiambiwa kitendawili hunyamazi hata uwe na msiba. Amelala peke yake, na chumba kimejaa. Panya kwenye ghala la karanga, anasema bibi yenu. Siyo. Yai. Siyo, umeshindwa, nipe mji. Anampa Nzega. Nzega si yako. Anampa Tabora. Mtu anacheka hadi wavu unatikisika, toa ulio wako, mama. Basi chukua mume wangu. Huyo, anasema mtu wa wavu, nani anamtaka? Hapo, wajukuu, bibi yenu aliponisimulia alicheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Mji wako ni yule mtoto, anasema mtu wa wavu. Umemzungushia ukuta, umeweka lango moja, na langoni umekaa wewe. Sitoi, anasema bibi yenu. Nimtoe kwa nani, kwa huyu wa kucha? Basi msikilize, anaambiwa, na vioo vyote vinalia kwa pamoja. Kabula yuko mezani, wavu usoni, analia, bibi ulisema utaingia, bibi ulisema. Bibi yenu anakimbia, anafungua mlango, mlango unamrudisha kwenye benchi, anafungua mwingine, benchi lilelile. Kwenye benchi sasa amekaa Leokadia. Ulimwambia nini, bibi yenu anafoka, ulimlisha nini hata akufuate wewe? Sikumlisha kitu, bibi. Nilimwambia kweli. Nilimwambia utabaki peke yako, mlango ni mzito, tutakuwekea nyimbo mbili, zikiisha tunafungua. Tukamfunga barakoa mwanasesere kwanza, Kabula mwenyewe ndiye aliyembembeleza. Maneno mazito hivyo, mtoto wa miaka sita? Alikuwa anayajua, bibi. Alikuwa anakuficha wewe, usije ukalia.

Haya, chukua mji, anasema bibi yenu, na anasema kwa hasira, meno yanasagana, msidhani moyo umesafika ghafla. Chukua, lakini jibu nipe. Mtu wa wavu anasema, jibu ni Kabula. Amelala peke yake, na kila aliyemwambia kweli yumo humo pamoja naye. Bibi yenu anaubandika uso kwenye kioo, anachungulia, anajitafuta kama na yeye yumo. Alijiona? Hilo hakuniambia.

Mlango unafunguka. Kabula anatoka kwa miguu yake, hana hata chozi, anamkimbilia Leokadia kwanza, wanapeana tano. Bibi yenu anaumia kifuani, anaumia kweli, lakini anabaki palepale kwenye benchi. Kisha mtoto anakuja kwake, mashavu yana alama za ule wavu. Mke mwenzangu, bibi yenu anamwuliza, uliogopa? Tangu waje hospitali hajawahi kumwuliza hivyo. Niliogopa nusu, anasema Kabula. Na wewe? Bibi yenu anajibu. Mimi, mama, niliogopa nzima. Mtoto anacheka, anamshika uso, anauvuta karibu autazame vizuri. Bibi, kumbe na wewe wamekufunga? Bibi yenu anajipapasa. Vipo, vidirisha vidogovidogo vya wavu, shavu hili na shavu hili, bado vina joto. Mpaka sasa ukimwuliza, hajui ni benchi lipi aliloamkia.