Gauni la Mikono Mifupi

Maneno yalinifikia kupitia kwa msusi wa chumba cha jirani. Alikuja kuazima sindano, akakaa, na msusi akikaa ujue ana jambo.

"Mwenzangu," akasema, "mpwa wangu anafanya usafi kwenye ule ukumbi wa maktaba, pale wanapowaalika wataalamu wazungumze dakika chache chache. Anasema mwezi huu binti yako yumo. Atasimama mbele ya watu mia mbili aeleze jinsi mama yake alivyomuunguza."

"Mimi sijamuunguza mtu."

"Si mimi niliyesema. Nimeleta kama nilivyopewa."

Akaondoka na sindano yangu, akaniachia mwiba. Siku hiyo nilishona zipu ya mteja mmoja kichwa chini miguu juu. Lisemwalo lipo, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nilitaka kujua lipo kiasi gani.

Binti yangu huyo ni daktari wa majeraha ya moto. Nyumbani tunamwita Kwanini, maana tangu alipoanza kusema, neno hilo halikuisha mdomoni mwake. Kwa nini mwezi unatufuata, kwa nini kitunguu kinaliza. Alipokuwa na miaka minne alivuta kitambaa cha meza, birika la chai likammwagikia mkono wa kushoto kuanzia begani hadi kiwiko. Mimi nilikuwa chumba hicho hicho, nimeinamia cherehani. Birika lile si kosa langu, au ni langu nusu. Lililofuata ndilo nililolificha. Jirani alinipa dawa ya meno, nikampaka mkono mzima, nikaufunga kwa kitambaa safi, nikasubiri upoe. Siku ya tatu ndipo nilipompeleka hospitali. Muuguzi alipoanza kuibandua ile dawa iliyokauka, mtoto alilia kilio ambacho hadi leo, paka akilia nje, naacha kukanyaga cherehani.

Tangu hapo nguo zake zote nilizishona mimi, na zote zilikuwa za mikono mirefu. Za shule, za harusi za watu, hata ile ya kuhitimu udaktari. Hakuwahi kuniuliza sababu. Yeye, anayeuliza kila kitu.

Siku tatu baada ya msusi, Kwanini akaja na mita tatu za kitambaa cha bluu.

"Mama, Jumamosi nazungumza ukumbini. Nishonee gauni. Mikono iwe mifupi, iishie hapa." Akajigusa juu kabisa, karibu na bega.

"Kule ukumbini si kuna baridi?"

"Watu mia mbili mama, baridi itoke wapi?"

Mia mbili. Idadi ile ile ya msusi. Nikaandika vipimo kwenye daftari. Alipoondoka nikakata mikono mirefu. Ndiyo, najua, mteja akitaka hivi unamshonea hivi. Lakini mkasi ulikwenda wenyewe.

Alhamisi mchana akaja kujaribu. Alijitazama kwenye kioo, akanyoosha mikono mbele kama mtu aliyevishwa nguo ya kuazima.

"Fundi," akasema, huniita hivyo akitaka kunichokoza, "mteja alisema mifupi."

"Mteja asubiri. Kwanza nisikie anakwenda kusema nini."

Akaweka simu juu ya meza ya cherehani, akaitega kengele. "Nimepewa dakika tisa. Zikiisha wanazima kipaza sauti, hata ungekuwa katikati ya neno."

Akaanza na birika. Akasema mama yake alifanya ambalo mama yeyote mwenye mapenzi angefanya: alimsikiliza jirani. Akaeleza jinsi anavyowauliza wazazi wodini, kitu cha kwanza ulimpaka nini, na nani alikwambia. Dawa ya meno. Mafuta. Unga. Yai. Na nani alikwambia? Jirani, jirani, shangazi, jirani. "Jirani hufika kabla ya daktari," akasema, "kila mahali, kila mara. Basi badala ya kumlaumu jirani, tumfundishe." Nikajikuta nimeshika tepu ya kupimia bila kuitumia, nasikiliza. Hapo simu ikalia, na alikuwa hajafika kwenye tiba.

"Inakwenda dakika kumi na tatu," akasema. "Sijui nikate wapi."

"Kata pale ninapoingia mimi."

Akanigeukia. "Nani amekwambia nini?"

"Watu wanasema unakwenda kueleza nilivyokuunguza."

"Na wewe umeamini?"

"Nimeamini nusu. Ile nusu ninayoijua."

Akakaa kwenye kigoda cha wateja, gauni likiwa bado na pini. Akafikiri. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Basi nitasema mtoto mmoja. Mama mmoja. Na nitavaa hii hii mirefu." Akatega simu tena, akaanza upya.

Nilipaswa kufurahi. Lakini nimewasikiliza wateja miaka thelathini, namjua mtu anayesifia nguo ambayo hajaivaa. Mtoto mmoja, mama mmoja, mtaa mmoja. Ningekuwa nimekaa ukumbini ningesema, hao ni wazembe wa kwingine, hawanihusu. Alipofika kwenye tiba akasema maji ya bomba yanayotiririka, dakika ishirini, nami nikamkatiza.

"Ngoja. Chai imeshamwagika, imeshafutwa. Moto haupo. Maji ya dakika ishirini yanazima nini?"

Akacheka. "Sasa hapa Kwanini ni nani?"

"Jibu swali."

Akaeleza. Tabaka za ngozi, majina marefu, nikayashika kama maji kwenye chekecheke. Mwishoni akasema, "Yaani joto linabaki ndani ya nyama, linaendelea kuunguza hata chai ikishaondoka."

"Kama pasi," nikasema.

"Kama pasi vipi?"

Nikaichomoa pasi yangu kwenye umeme, nikamwonyesha waya. "Imezimwa, si ndiyo?" Nikachukua kipande cheupe cha bitana, nikailaza juu yake. Nilipoinua, palikuwa na alama ya kahawia, umbo la pasi. "Kila anayejifunza ufundi huunguza nguo ya mteja namna hii. Anadhani ukichomoa waya, moto umekwenda na waya." Kisha nikaipitisha juu ya kitambaa kibichi. Ikafoka. Nikarudia, ikafoka kidogo. Nikarudia na kurudia mpaka ikanyamaza, nikailaza kwenye bitana nyingine. Hakuna alama.

Alikuwa ameinama anaangalia kama alivyokuwa akiangalia siafu zamani.

"Na kama ningeifunika?" nikauliza. "Ikiwa na moto wake, nikaifunika kwa blanketi?"

"Joto lingekaa ndani."

"Na dawa ya meno ni blanketi."

"Mama, hukujua."

"Sikujua, na sikuuliza. Swali nililokuuliza sasa hivi lingetosha siku ile. Ningemuuliza jirani, inasaidia vipi? Asingekuwa na jibu." Nikainua pasi nikaiweka pembeni, mikono ipate kazi. "Ningekuweka bombani, mkono huu ungekuwaje?"

"Pengine alama ingekuwa ndogo. Pengine ingekuwa hivi hivi. Sitakudanganya."

Nilimshukuru kwa hilo kuliko kama angenifariji.

"Vua," nikamwambia.

Akavua. Nikalaza gauni mezani, nikaweka chaki pale alipokuwa amegusa, nikakata mkono wa kwanza, nikakata wa pili. Mikono miwili mirefu ya bluu ikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeiokota.

"Hiyo ya pasi," akasema, "naweza kuichukua? Inaniokolea dakika nne nzima."

"Chukua. Ila useme ni ya fundi."

Jumamosi nilikaa safu ya tatu, msusi ubavuni mwangu. Alikuja mwenyewe, sikumwalika. Kabla ya mwanangu alizungumza bwana mmoja wa nyota, na mwingine aliyeeleza kwa nini foleni ya pembeni huonekana inakwenda haraka. Nilitaka aendelee, wakamzimia. Kisha Kwanini akapanda. Alipoinua mkono wa kushoto kushika kipaza sauti, ukumbi mzima ukauona, na nikasikia watu wakiacha kukohoa. Akaeleza birika. Akaeleza dawa ya meno na siku ya tatu. Halafu akasema, "Mama yangu ni fundi wa nguo. Juzi alinieleza kwa pasi jambo nililolisomea miaka saba." Watu wakageuka kunitafuta. Nikatazama viatu vyangu. Kisha nikainua kidevu, wanione vizuri.

Alimaliza dakika moja ikiwa imebaki.

"Kumbe hakusema ulimuunguza," msusi akanong'ona.

"Hakusema."

Akanisogelea. "Mimi mwanangu nilimpaka mafuta ya kupikia. Mwaka jana. Pale mguuni."

"Maji," nikamwambia. "Dakika ishirini."

"Na barafu je? Si maji hayo hayo?"

Sikujua. "Twende tukamuulize," nikasema, tukapanga foleni nyuma ya watu kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na swali lake.

Majibu nimeyaandika, nikayabandika ukutani karibu na kioo, mteja akijipima asome. Nayaandika na hapa. Mimi ni jirani wa mtu, nawe ni jirani wa mtu. Mtoto akiungua:

Usimpake dawa ya meno, mafuta, siagi, unga, yai, wala chochote kutoka jikoni.

Usiweke barafu. Nayo huumiza ngozi. Maji ya bomba ya kawaida yanatosha.

Usifunge bomba kabla ya dakika ishirini, hata akilia. Sehemu nyingine za mwili zifunike asishikwe na baridi.

Usiseme nimechelewa. Ndani ya saa tatu tangu aungue, maji bado yanasaidia.

Usivute nguo iliyoganda kwenye ngozi. Isiyoganda ivue, na bangili pia, kabla hapajavimba.

Usitoboe malengelenge.

Usifunge kwa pamba.

Usimsikilize jirani kabla hujamuuliza, inasaidia vipi? Hata mimi niulize.

Usisubiri siku ya tatu.