Tundu la Hewa la Chumba cha Nyuma

Ukungu mweusi wa unyevu ulianzia kwenye kona ya dari, ukashuka ukutani hadi usawa wa mto wa kulalia wa mtoto. Noreen Ashworth alisimama mlangoni pa chumba bila kuvua koti. Kutoka jikoni chini mpangaji wake, Leanne, alimuuliza kwa mara ya pili kama atakunywa chai.

"Hapana, asante," Noreen alijibu. "Hatukai."

Kule Accrington, kaskazini mwa Uingereza, kukataa chai ya mtu nyumbani kwake ni kumwambia usoni kwamba humtaki, na Noreen alilijua hilo tangu utotoni. Lakini kwenye mkutano wa wenye nyumba wadogo, ule wa kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, ghorofani kwenye baa, waliambiwa waziwazi: ukinywa chai ya mpangaji, siku ya kumtoa nyumbani, mkono utakutetemeka. Watu wote walicheka. Yeye aliliandika kwenye daftari, kama alivyoandika mengine yote.

Aliyesema maneno hayo alikuwa Gareth Duxbury, dalali anayemsimamia nyumba, na sasa alikuwa humo chumbani na kamera yake. Alipiga picha nguo zilizoanikwa kwenye reli ya kitanda, akapiga picha dirisha lililofungwa, kisha akapiga magoti karibu na sakafu.

"Nani kaliziba hili tundu la hewa?"

Leanne alikuwa ameshapanda ngazi, amembeba bintiye Poppy, wa miaka minne, ambaye kifua chake kilikuwa kinakoroma.

"Mimi. Soksi zangu hizo. Upepo unaoingia hapo unakata, na umeme wenyewe tunanunua wa kadi. Ulitaka nimlaze mtoto kwenye friji?"

"Sasa unaona, mama. Hewa unaziba, madirisha hufungui, nguo unaanika ndani. Mvuke utatokea wapi?"

"Nizianike wapi, Gareth? Mvua haijakatika tangu Oktoba. Au ofisini kwenu mna jua lenu, mtukopeshe?"

Gareth hakucheka. Alitoa fomu yenye mstari uliokwisha kuchapwa tayari, unaosema kwamba unyevu umetokana na mtindo wa maisha wa mpangaji. Leanne aliusoma, akamgeukia Noreen.

"Wewe umezaliwa humu. Niambie kweli, mbele yake huyu. Ukuta huu ulikuwa hivi?"

Noreen aliutazama ukuta. Aliufahamu kuliko alivyoufahamu uso wake mwenyewe.

"Ulikuwa mkavu," alisema.

Poppy alikohoa. Gareth akaandika.

Zamani kitanda cha mdogo wake Noreen, Hilary, kilikuwa pale pale kilipo sasa kitanda cha Poppy. Majira ya baridi ya mwaka sitini na tatu, theluji ilipokaa miezi, ukuta ulikuwa unatoka maji usiku na kuganda asubuhi, na wao wawili walikuwa wakichora sura za watu kwenye barafu hiyo kwa kucha. Hilary alikuwa na miaka sita. Alikohoa kuanzia Krismasi hadi Februari, kisha akaacha kukohoa na kupumua. Daktari aliinama, akaliona tundu la hewa limezibwa, akamwambia mama yao: madirisha hamfungui, hewa mnaziba, mlitegemea nini? Mama aliishi hadi miaka themanini na moja, na hata mwisho, alipokuwa hamjui tena Noreen ni nani, bado alikuwa akisema, "Mimi ndiye niliyemziba pumzi."

Noreen naye aliamini hivyo. Alimsamehe mama yake, lakini aliamini.

Si kwamba hakujaribu kuutengeneza ukuta. Mwaka uliotangulia alimleta fundi wa zamani, mzee Clegg, akaugongagonga ukuta kwa nje na kutikisa kichwa. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alimwambia, "na huu wako, bibi, umeshafika kwenye kujengwa. Wote wa nyuma, kuanzia chini." Noreen alimpa chai na biskuti, akamshukuru. Kodi ya nyumba hii, namba kumi na saba, ndiyo iliyokuwa ikimweka mumewe, Ken, kwenye nyumba ya kulelea wazee, katika chumba kikavu chenye joto. Hakikubaki hata cha kununulia tofali moja.

Wiki mbili baada ya ukaguzi, Leanne aliiandikia halmashauri. Gareth alipiga simu siku hiyo hiyo.

"Tunampa notisi ya kuhama leo, kabla mkaguzi wao hajaja. Miezi miwili, bila kutaja sababu. Sheria inaturuhusu."

"Ana mtoto, Gareth."

"Wote wana watoto, mama yangu. Na wewe una Ken. Nani atamlipia Ken, halmashauri?"

Noreen alitia sahihi. Mkono haukutetemeka, na jambo hilo lilimtisha kuliko kama ungetetemeka.

Leanne na Poppy walipelekwa na halmashauri kwenye chumba kimoja cha hoteli ya barabarani nje ya Blackburn. Leanne aliiacha nyumba imefagiliwa. Funguo aliziweka kwenye meza ya jikoni kando ya kikombe kimoja kilichooshwa, na Noreen alikitazama kikombe hicho kwa muda mrefu kabla ya kupanda juu na ndoo ya dawa.

Alisugua tangu alfajiri. Ukungu ulitoka, na mahali pake pakabaki doa la kijivu lenye umbo la mabega na kichwa. Alilipaka rangi nyeupe mara moja, likarudi. Akalipaka tena. Gareth alikuwa amemwagiza apake asubuhi ile ile ya kuwaonyesha wapangaji wapya nyumba, kwa sababu rangi mbichi huficha vizuri na harufu yake huwafanya wapangaji waone kuna kitu kipya.

Kisha akapiga magoti kwenye tundu la hewa. Soksi za Leanne zilitoka kirahisi. Nyuma yake vidole viligusa kitu kingine kigumu. Alikivuta polepole. Lilikuwa gazeti la mjini lililokunjwa kwa ustadi, la Januari ya mwaka ule wa sitini na tatu, na ndani yake kipande cha sufu nyekundu. Aliifahamu sufu ile. Mama alimfumia nayo Hilary kofia, na iliyobaki hakuitupa.

Upepo uliingia, ukampiga usoni. Tundu sasa lilikuwa wazi kabisa, pengine kwa mara ya kwanza tangu majira yale ya baridi. Noreen alikunja mkono wa sweta, akauingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa ndani ya ukuta. Maji yalikuwa yanatiririka. Si mvuke wa nguo wala wa pumzi za mtu. Yalikuwa maji ya mvua, baridi, yakishuka kati ya tofali na tofali, na nje mvua ilikuwa inanyesha.

Alikaa sakafuni. "Hukuwa wewe, mama," alisema kwa sauti, na ndani ya chumba kitupu sauti yake ilimrudia. Alilia, kwanza kwa ajili ya mama, kisha kwa sababu alijua kwamba hakuwa Leanne pia.

Saa tano kamili mlango wa chini ulifunguliwa. Gareth alipanda na mwanamke kijana mjamzito aitwaye Bethan, na msichana mdogo aliyevaa mabuti ya mvua.

"Huyu ndiye mwenye nyumba," Gareth alisema. "Amekulia humu humu."

Bethan alitabasamu. Aliutazama ukuta mweupe, akanusa. "Hakuna unyevu hapa? Huyu wangu kifua chake si kizuri."

Noreen alikuwa ameshika gazeti na sufu nyuma ya mgongo. Alifungua kinywa.

"Mkavu," Gareth alisema. "Mwulize mwenyewe."

Wote watatu walimtazama. Akilini Noreen alimwona Ken kwenye kiti chake karibu na kipasha joto, blanketi magotini.

"Nimelala humu miaka kumi na minane," alisema.

Bethan alilichukua hilo kuwa jibu. Alimgusa mtoto begani. "Kitanda chako tutakiweka pale, unaona? Karibu na dirisha."

Walishuka kuangalia jiko. Noreen aliwasikia chini wakifungua kabati, na Bethan akiuliza kama anaweza kuchemsha maji, ili wote wanywe chai.

Upepo ulikuwa bado unaingia, na mtoto angelala pale pale alipolala Hilary. Noreen alipiga magoti, akalikunja gazeti katika mikunjo yake ya zamani, sufu ikiwa ndani, akalirudisha kwenye tundu na kulisukuma hadi mwisho.